Mipigo Mifupi Karibu na Grini katika Gofu ya Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Arusha na Moshi

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi miongoni mwa wachezaji wa Arusha na Moshi wanaocheza gofu ya mtandaoni kwa simu au kompyuta, hasa michezo yenye mita ya kugusa kwa wakati (mstari wa nguvu unaosogea kwenye skrini) kama WGT Golf, na kwa kiasi fulani ile ya kuvuta mpira kwa kidole kama Golf Clash. Kila mchezo una hesabu zake za ndani, na hesabu hizo huweza kubadilika masasisho yanapotolewa. Kwa hiyo namba za mfano zilizomo humu zinaonyesha namna ya kufikiri. Namba za kuchezea utazipata wewe mwenyewe kwenye mazoezi.

Kwa nini nijishughulishe na mipigo ya yadi 15 ilhali wanaosifiwa ni wale wanaopiga mbali?

Kwa sababu hakuna mchezaji anayefikisha mpira kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo na bendera, kila mara kwa mpigo aliokusudia, na kila anapokosa, matokeo ya shimo hilo huamuliwa na mpigo mmoja mfupi pamoja na ule wa kufunga, yaani wa kuusukuma mpira shimoni. Kusimamisha mpira futi 3 kutoka shimoni na kuusimamisha futi 8 huonekana kama jambo lile lile kwenye skrini ya simu. Lakini wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani, ambao ni miongoni mwa walio bora duniani, hufunga takriban nusu tu ya mipira yao kutoka futi 8, wakati kutoka futi 3 hawakosi ila mara chache sana. Michezo ya mtandaoni haifuati takwimu za watu halisi, ila mwelekeo ni huo huo: kadiri mpira unavyobaki karibu, ndivyo mwinamo wa grini na makosa ya mita yanavyopoteza nguvu ya kukudhuru.

Chipu, pichi na flopu zinatofautianaje, na nichague ipi?

Chipu huruka chini, hugusa ardhi mapema na hubingirika sehemu kubwa ya safari yake. Pichi hupanda zaidi, huruka sehemu kubwa zaidi ya umbali na kubingirika kwa kiasi. Flopu hupanda karibu wima, hushuka kwa pembe kali na kusimama karibu na mahali ilipoangukia. Katika WGT Golf utazikuta zote tatu kwenye orodha ya aina za mipigo, na baadhi ya michezo mingine huzionyesha kwa alama badala ya majina.

Ushauri ninaousimamia, na ninausema kwa uzito, ni kuchagua mpigo wa chini kabisa unaoweza kuvuka kizuizi kilicho mbele yako. Kama kati yako na bendera hakuna bunka (shimo la mchanga) wala rafu (nyasi zilizoachwa bila kukatwa fupi) ndefu, chipu inatosha. Kama kuna rafu ya yadi chache kabla ya grini, nenda kwenye pichi. Flopu ibaki kwa ajili ya hali ambayo bendera imewekwa karibu na ukingo, kizuizi kiko katikati, na huna nafasi ya kuuacha mpira ubingirike.

Sababu ya kupanga hivyo ni ya hesabu. Mpira unaobingirika polepole kuelekea shimoni una nafasi ya kuangukia ndani ukiwa kwenye mstari sahihi, kwa kuwa shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108 na mpira hauzidi sana milimita 42. Mpira unaodondoka kutoka juu hauna nafasi hiyo ila kwa bahati. Zaidi ya hayo, flopu hutumia nguvu nyingi kwa umbali mdogo, hivyo kosa dogo la nguvu au la wakati huonekana kubwa mwishoni. Vijana wengi hupenda flopu kwa sababu inapendeza machoni, na mimi pia naona inapendeza, lakini inastahili kutumiwa pale tu njia nyingine zote zimefungwa.

Nilenge wapi: bendera au mahali mpira utakapoangukia?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote yaliyo katika ukurasa huu, na jibu lake ndilo linalotenganisha mchezaji anayeboresha mchezo wake na yule anayerudia kubahatisha. Lenga mahali mpira utakapoangukia. Mchezo unapokuonyesha kuwa bendera iko yadi 18, namba hiyo haikuambii upige nguvu ya yadi ngapi. Inakuambia jumla ya sehemu mbili, yaani umbali wa hewani na umbali wa kubingirika. Ni lazima uzitenganishe kabla hujagusa mita.

Tuchukue mfano. Bendera iko yadi 18, na ukingo wa grini uko yadi 5 mbele yako. Unataka mpira uangukie ndani ya grini, yadi 2 baada ya ukingo, kwa sababu uso wa grini ni laini na mdundo wake unatabirika, ilhali rafu na hata nyasi fupi za pembezoni huweza kuukamata mpira au kuurusha kando. Hiyo ina maana umbali wa hewani ni yadi 7 na uliobaki wa kubingirika ni yadi 11. Sasa unatafuta mpigo ambao, katika daftari lako, huruka takriban asilimia 40 ya safari na kubingirika asilimia 60. Kama chipu ya wedji yako fulani, yaani fimbo fupi yenye uso uliolala, ina tabia hiyo, umepata jibu. Kama wedji hiyo hubingirika pungufu, chukua fimbo yenye uso uliosimama zaidi. Ikiwa hubingirika kupita kiasi, chukua yenye uso uliolala zaidi.

Wachezaji wa gofu halisi wana makadirio ya aina hii tangu zamani. Husema kuwa chipu ya fimbo namba 7 hubingirika takriban mara tatu ya umbali wake wa hewani, na ile ya wedji ya pichi hubingirika kiasi kinachokaribia umbali wa hewani. Michezo mingi ya mtandaoni imejengwa juu ya tabia hiyo, ingawa uwiano wenyewe hutofautiana.

Daftari nililolitaja si pambo. Fungua uwanja mmoja katika hali ya mazoezi, tafuta mahali tambarare karibu na grini, kisha piga kila aina ya mpigo kwa robo, nusu, robo tatu na nguvu kamili. Andika mambo mawili tu: ulipoangukia na uliposimama. Baada ya hapo utagundua kuwa idadi ya mipigo unayoihitaji kwa kweli ni ndogo sana, pengine minne au mitano, na kwamba mingine yote ni marudio yake. Mchezaji anayeijua mipigo hiyo kwa namba atamshinda anayeijua mipigo yote kwa kukisia.

Nagusa mita vizuri kabisa, lakini mpira hupita au hupungukiwa. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi tatizo liko kwenye kipimo ulichochagua, yaani umbali unaowakilishwa na mita nzima. Tuseme mita yako imegawanyika sehemu 100. Kama nguvu kamili ya mpigo uliochagua ni yadi 40, kila sehemu moja ya mita ni yadi 0.4, kama nguvu kamili ni yadi 20, kila sehemu ni yadi 0.2. Kosa lile lile la kidole, la sehemu tatu, linakugharimu yadi 1.2 katika hali ya kwanza na yadi 0.6 katika ya pili. Kwa hiyo, pale mchezo unapokuruhusu kubadilisha kipimo au fimbo, chagua kile chenye upeo mdogo kuliko vyote kinachofika. Usichague kinachofika kwa taabu mno, kwani katika baadhi ya michezo sehemu ya mwisho ya mita huenda haraka na ni rahisi kuipita.

Kosa la mwelekeo, kwa upande mwingine, halina uzito mkubwa katika umbali huu. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 2, mpigo wa yadi 300 utatoka nje ya mstari kwa zaidi ya yadi 10, wakati ule wa yadi 15 utatoka kwa nusu yadi tu. Ndiyo maana, ukiwa karibu na grini, fikra zako ziweke kwenye nguvu kwanza.

Namba za asilimia zinazoonekana mpira ukiwa ndani ya rafu zina maana gani?

Zinaonyesha ni sehemu gani ya nguvu yako itakayoufikia mpira. Ukiona 70 hadi 80, chukua katikati, yaani 75, kisha gawanya umbali unaoutaka kwa 0.75. Ukitaka mpira uende yadi 15, piga nguvu ya yadi 20. Kwa nguvu hiyo matokeo yatakuwa kati ya yadi 14 na 16, na tofauti hiyo huwezi kuiondoa hata ukigusa mita kwa usahihi kamili. Ipokee, na uipange upande usio na hatari: kama nyuma ya bendera kuna mteremko mkali au bunka, hesabu kwa 80, kama hatari iko kati yako na bendera, hesabu kwa 70.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Nyasi zinapoingia kati ya uso wa fimbo na mpira, msuguano hupungua na mpira hutoka ukiwa na mzunguko mdogo wa kurudi nyuma, kwa hiyo hubingirika zaidi baada ya kuanguka. Michezo mingi inaliiga jambo hili. Mpira kutoka kwenye rafu upangie mahali pa kuangukia palipo karibu nawe zaidi kuliko ungefanya kwenye nyasi fupi.

Grini iko juu yangu, au chini yangu. Niongeze au nipunguze kiasi gani?

Yadi moja ni futi tatu. Kama mpira unashuka kwa pembe ya nyuzi 45, kila futi 3 za kupanda hukupunguzia yadi moja ya umbali wa hewani, na kila futi 3 za kushuka hukuongezea yadi moja. Hivyo, grini iliyo futi 6 juu yako inahitaji nyongeza ya yadi 2. Pichi nyingi zinakaribia hali hiyo, na kanuni hii inatosha kwa mipigo mingi ya kawaida.

Chipu hushuka kwa pembe ndogo zaidi. Ikishuka kwa takriban nyuzi 27, futi zile zile 6 hukugharimu yadi 4 badala ya 2, na hiyo ndiyo sababu chipu ya kupanda mlima hubaki nyuma sana hata kwa wachezaji wazoefu. Flopu inayoshuka kwa takriban nyuzi 63 hupoteza yadi 1 tu. Kwa hiyo, kwenye grini iliyoinuka sana, pichi mara nyingi huwa salama kuliko chipu, hata kama hakuna kizuizi cha kuvuka.

Hesabu hizi zinahusu mahali pa kuangukia peke yake. Mwinamo wa grini yenyewe, kutoka pale mpira ulipoangukia hadi shimoni, ni hesabu nyingine, na usizichanganye.

Kasi ya grini inabadilishaje mpigo?

Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa kinachoitwa Stimpmeter, kilichobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson katika miaka ya 1930, na ambacho chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilianza kuwapatia wasimamizi wa viwanja mwaka 1978. Mpira huachiwa kutoka kwenye kifaa hicho kwa kasi ile ile kila mara, kisha hupimwa umeenda futi ngapi kwenye sehemu tambarare. Grini ya 8 ni ya polepole. Ya 12 ni ya haraka sana. Baadhi ya michezo huonyesha namba hizi, na mingine hutumia maneno kama ya kawaida, ya haraka na ya ubingwa.

Umbali wa kubingirika hubadilika karibu kwa uwiano wa namba hizo, lakini umbali wa hewani haubadiliki hata kidogo. Chipu iliyoruka yadi 4 na kubingirika yadi 6 kwenye grini ya 8 itaruka yadi zile zile 4 kwenye grini ya 12, kisha itabingirika takriban yadi 9. Jumla imetoka 10 hadi 13. Mchezaji aliyeandika daftarini jumla peke yake atalazimika kuanza upya kwa kila kasi ya grini, ilhali aliyeandika sehemu mbili anarekebisha sehemu moja tu na kuendelea.

Flopu, ambayo hubingirika kidogo, haiathiriki sana. Hapo ndipo flopu inapopata hadhi yake halali kwenye grini za haraka zenye mteremko unaokimbilia mbali nawe.

Je, nitumie pata nikiwa nje ya grini?

Ndiyo, unaweza kutumia pata, yaani fimbo ya kusukumia mpira ubingirike chini, kama mpira uko kwenye nyasi fupi zinazozunguka grini na mchezo unakuonyesha kuwa upungufu wa nguvu ni mdogo. Kwenye viwanja vya Uskoti, hasa Old Course ya St Andrews ambayo imeingizwa katika michezo kadhaa ya mtandaoni, nyasi kabla ya grini hukatwa fupi sana na wachezaji halisi hutumia pata kutoka mbali bila kuona haya. Uwanja huo una grini 7 ambazo kila moja inahudumia mashimo mawili, na baadhi ni kubwa kiasi kwamba unaweza kuwa ndani ya grini na bado ukawa mbali mno na bendera yako.

Pinehurst No. 2 ya North Carolina, iliyosanifiwa na Donald Ross na kufunguliwa mwaka 1907, ni mfano mwingine. Grini zake zimeinuka katikati na kuteremka pembeni kama mgongo wa kobe, hivyo mpira unaokosa mahali pake huteleza hadi kwenye mabonde ya nyasi fupi. Kutoka humo pata hupanda vizuri, lakini hesabu upandaji wote, maana mpira ukikosa nguvu utarudi miguuni pako.

Niko ndani ya bunka. Nifanyeje?

Soma asilimia ya mchanga, gawanya kama ulivyofanya kwenye rafu, na uchague mpigo unaopanda vya kutosha kuvuka ukingo. Lengo la kwanza ni kutoka. Lengo la pili ni kuwa kwenye grini. Bendera ni lengo la tatu. Katika bunka yenye ukuta mrefu, kupiga kando au nyuma ni uamuzi wa mchezaji mwenye akili timamu. Mpira uliozama mchangani hutoka bila mzunguko wa maana, kwa hiyo tarajia ubingirike sana.

Mzunguko wa kurudi nyuma unanisaidia karibu na grini?

Chini ya yadi 20, kidogo sana. Mzunguko huhitaji kasi ya fimbo, na mpigo mfupi hauna kasi hiyo. Wachezaji wapya huuweka kwenye kiwango cha juu kila mara kwa matumaini kwamba mpira utasimama ghafla, kumbe wanajinyima mpigo unaotabirika. Pichi ya nguvu karibu kamili ndiyo inayofaidika. Kwa mipigo mingine acha alama ya mzunguko katikati mpaka utakapokuwa umeandika daftarini namna inavyobadilisha umbali.

Na upepo?

Kwa chipu, usiuhesabu. Kwa pichi, uangalie tu ukiwa mkali. Kwa flopu ndefu, uhesabu kikamilifu, kwa sababu mpira hukaa hewani muda mrefu ukilinganisha na umbali unaokwenda.

Bendera iondolewe au ibaki?

Iache. Ukiwa nje ya grini kanuni za gofu hazijawahi kukulazimisha kuiondoa, na tangu mwaka 2019 kanuni zinaruhusu ibaki hata unaposukuma ukiwa ndani ya grini. Michezo mingi hukuamulia yenyewe.

Mita ya simu yangu hurukaruka, hasa mchana au baada ya kucheza muda mrefu. Je, ni mtandao?

Kwa kawaida si mtandao. Katika michezo mingi mita huendeshwa na simu yenyewe, na matokeo ndiyo yanayotumwa baadaye. Kinachorukaruka ni idadi ya picha ambazo simu inaweza kuchora kwa sekunde moja. Simu inayochora picha 60 kwa sekunde hukuonyesha mita mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi. Inayochora picha 30 hukuonyesha kila baada ya milisekunde 33. Kama mita huchukua sekunde moja kupita sehemu 100, basi katika simu ya pili inaruka zaidi ya sehemu tatu kwa kila picha, na huwezi kugusa kwa usahihi kitu ambacho hakijachorwa.

Simu hupunguza kasi yake inapopata moto na inapowekwa katika hali ya kuokoa betri. Umeme unapokatika na wewe umebaki na asilimia 15 ya chaji, kishawishi cha kuwasha hali hiyo ni kikubwa, na hapo ndipo mipigo mifupi inapoharibika kuliko mingine, kwa kuwa mita inatembea sehemu ndogo tu na nafasi ya kurekebisha haipo. Funga programu nyingine, punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya mchezo, usicheze huku simu ikichajiwa juani Moshi saa nane mchana, na kama shindano lina maana kwako, subiri umeme urudi. Mtandao dhaifu una madhara mengine: huweza kukutoa katikati ya raundi au kuchelewesha mpigo kusajiliwa.

Mimi hugusa mita mapema kwenye mipigo mifupi, lakini kwenye mirefu niko sawa. Kwa nini?

Katika michezo ambayo mita hupanda hadi kwenye nguvu uliyochagua kisha hurudi kwenye alama, nguvu ndogo hufanya safari ya kurudi iwe fupi, na mkono uliozoea safari ndefu hushtuka. Tiba ni kufanya mazoezi ya mipigo mifupi kwa mfululizo wa peke yake, bila kuchanganya na mipigo ya kuanzia shimo, mpaka kidole kipate mwendo wake. Katika Golf Clash, ambako unaachia mpira sindano inapofika katikati, tabia ni tofauti, na wanaocheza michezo yote miwili wajipe muda wa kuzoea kila wanapohama kutoka mmoja kwenda mwingine.

Wasafiri wa basi kati ya Moshi na Arusha wameuliza kama safari hiyo inafaa kwa mazoezi. Kwa kusoma grini na kupanga mahali pa kuangukia, inafaa sana. Kwa kugusa mita huku basi likipita matuta, haifai.

Je, mtu anayecheza kwenye nyasi halisi hapa kwetu ana nafuu?

Ana nafuu katika kusoma ardhi. Aliyekwisha kutembea kwenye viwanja vya Arusha Gymkhana au Moshi Club, au kwenye mashimo 18 ya Usa River, anajua kwa macho kuwa mpira hupinda zaidi unapokaribia kusimama, na kwamba mwinamo wa sehemu ya mwisho ndio unaouamua. Maarifa hayo yanahamia kwenye skrini moja kwa moja.

Hana nafuu katika nguvu, kwa kuwa mkono na kidole havina uhusiano. Kuna wanaodhani pia kuwa mwinuko wa Arusha, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unabadilisha chochote. Mchezo hutumia mwinuko wa uwanja uliochorwa, kama unautumia kabisa, na katika mpigo wa yadi 15 mpira huenda polepole kiasi kwamba hewa nyepesi haina la kufanya.

Jambo moja linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndizo zilizoifanya Riviera ya Los Angeles iogopwe kwa chipu zake, kwa sababu ni nene na hunasa kichwa cha fimbo. Mchezaji wa huku anayekutana na uwanja huo kwenye mchezo wa kompyuta anakutana na nyasi za kwao. Mahali kama hapo pichi inayoangukia ndani ya grini ni bora kuliko chipu inayodunda kabla yake.

Ninunue wedji mpya kwa fedha au pointi za mchezo?

Angalia kwanza mwachano wa nyuzi, yaani tofauti ya pembe za nyuso za fimbo zako. Wedji za pichi huwa na takriban nyuzi 44 hadi 48, za mchanga 54 hadi 56, na za juu kabisa 58 hadi 64. Kama kati ya fimbo zako mbili kuna pengo la nyuzi 8 au zaidi, wedji ya katikati itakufaa kuliko fimbo mpya ya kupigia mbali. Kama mapengo yako ni sawa, weka pointi zako. Wedji yenye usahihi zaidi hupunguza makosa, lakini kila unapobadilisha fimbo, kurasa zake daftarini zinabidi ziandikwe upya.

Kifurushi changu ni kidogo. Nifanye mazoezi gani?

Pakua viwanja na masasisho ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha tumia kifurushi kwa mipigo yenyewe, ambayo kwa kawaida hula data kidogo kuliko upakuaji. Chagua grini moja, na usihame. Piga kutoka sehemu tambarare, kisha kutoka chini ya mteremko, kisha kutoka juu yake, ukitabiri kwa sauti mpira utaangukia wapi kabla ya kugusa. Kutabiri kabla ndiko kunakofundisha. Kupiga na kutazama peke yake hufurahisha tu. Kila mara pendelea kuuacha mpira chini ya shimo, ili mpigo wa kufunga uwe wa kupanda, na utaona jinsi mipigo ya futi 4 inavyoacha kukusumbua.

Mashindano ya mtandaoni hufungwa saa ngapi kwa saa zetu?

Soma kwanza saa inayotumiwa na mchezo wako. Kama ni usiku wa manane wa pwani ya magharibi ya Marekani, huo ni saa nne asubuhi ya Arusha wakati wao wametanguliza saa zao mbele, na saa tano asubuhi katika miezi mingine. Raundi ya mwisho ichezwe jioni ya siku iliyotangulia, mtandao ukiwa umetulia, baada ya mipigo michache ya mazoezi kwenye grini yenye kasi ile ile iliyotangazwa kwa shindano.